Uzito unashuka taratibu, ari inakata haraka: tunaofanya mazoezi tukutane hapa

Nyota ya Mtoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila siku humu na kwenye makundi ya WhatsApp naona maswali ya "nipunguze kilo 10 kwa mwezi nifanyeje", na wanaowahi kujibu ni wauza vidonge na chai. Anayeuliza swali gumu zaidi, la namna ya kuendelea mwezi wa nne wakati mizani haisogei na shoga yake aliyeanza naye ameshaacha, hajibiwi. Uzi huu nimemfungulia huyo.

Mimi ni mwalimu, naishi Temeke, na ni mwanachama wa kikundi cha joging cha mtaani kwetu. Ninayoandika nimeyaona kwa watu: mama lishe, madereva bodaboda, wastaafu, mabinti wa chuo. Waliopungua na wakabaki wamepungua, wengi wao hawakuwa na moto mkali Januari. Walikuwa na sababu ya kutoka kitandani ambayo haihusiani na mizani.

Nianze na hiyo mizani, maana ndiyo inayoua ari ya wengi. Wataalamu wa afya wanashauri mtu apungue nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Watu wakisikia wanaona ni kidogo. Piga hesabu: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kama kalori 7,700. Ili nusu kilo iondoke kwa wiki, kila siku mwili lazima utumie kalori 550 zaidi ya zile unazoingiza. Hizo ni karibu chapati mbili za mafuta, kila siku, bila kukosa. Kwa hiyo ukimwona mtu amepungua kilo 2 kwa mwezi mpe mkono, amefanya kazi kubwa.

Wiki ya kwanza ndiyo inayowachanganya. Mtu anaacha soda na wali wa usiku, anaanza kutembea, siku ya saba kilo 3 hazipo. Anafurahi, anatangaza. Sehemu kubwa ya hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu 3 za maji. Akiba ikitumika, maji nayo yanatoka. Wiki ya tatu mizani inaonyesha gramu 400 tu, anavunjika moyo, kumbe hizo 400 ndiyo mafuta yenyewe sasa. Halafu ukila ng'onda au dagaa wa chumvi usiku, asubuhi umepanda kilo nzima. Akina dada, siku chache kabla ya hedhi mwili unashika maji. Hayo yote hayana uhusiano na mafuta. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, umetoka chooni, hujanywa chai, mizani ileile, na ulinganishe mwezi kwa mwezi.

Tena mizani si kipimo pekee. Tepu ya fundi cherehani inauzwa bei ndogo. Uingereza, mwongozo wao wa 2022 unashauri kiuno kibaki chini ya nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 164 abaki chini ya 82. Kwetu kuna mama ambaye mizani iligoma kabisa huku tepu ikiendelea kushuka na magauni yakirudi kwa fundi kubanwa. Kuna mzee ambaye kipimo chake ni ngazi za ofisini kwao, anaangalia anafika ghorofa ya nne akihema vipi. Chagua kipimo chako na ukiandike mahali.

Sasa kikundi. Kwa wasioijua Dar es Salaam, klabu za joging zimejaa: Temeke, Mbagala, Buguruni, Kinondoni. Mwisho wa wiki, saa 11 alfajiri, watu wanakutana kona fulani wakiwa na fulana za rangi moja. Kuna mwenye filimbi, kuna wawili wenye bendera nyekundu, mmoja mbele na mmoja nyuma kwa ajili ya magari, na kuna mwimbishaji wa mchakamchaka. Yeye anaita, sisi tunaitikia, na mwendo unafuata wimbo. Hata kitaalamu jambo hili limekaa sawa, kwa sababu mazoezi ya wastani hupimwa kwa pumzi: unaweza kuongea, ila wimbo mzima unakushinda. Kitikio kikianza kufifia, mwenye filimbi anajua tumekwenda kasi mno, anapunguza. Safu ya nyuma, ile ya wanaotembea kwa haraka, ndiyo inayopanga mwendo wa wote. Kikundi kinachoacha watu nyuma nakushauri ukihame.

Tukimaliza kunyoosha viungo kinafuata kipindi cha matangazo. Nani amefiwa, nani amelazwa, mchango ni kiasi gani, nani anaolewa. Usipoonekana wiki mbili, katibu anapiga simu kuuliza kama unaumwa. Hapo ndipo ari yangu ilipo, nasema wazi. Naamka kwa sababu kuna watu wataniulizia.

La mwisho kwa leo ni hili ambalo huwa halisemwi kwenye video za mazoezi: maneno ya watu. Huko kwingine mtu akipungua anapongezwa. Kwetu anaulizwa, "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Mama mkwe anahisi hulishwi. Jirani anahisi ndoa ina matatizo. Wenye umri wangu tunaijua asili ya hofu hii. Miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu, kukonda kulikuwa na maana moja tu vichwani mwa watu, na tuliwazika wengi. Zaidi ya hapo, mwili mnene umekuwa ishara ya kutunzwa tangu enzi za bibi zetu. Kwa hiyo anayekuuliza kama unaumwa mara nyingi anakupenda. Usimjibu kwa hasira. Mwambie, "Mama, niko kwenye mazoezi, presha yangu imeshuka, njoo Jumamosi tutembee wote." Nimeona watu wakiacha mazoezi wakiwa vizuri kabisa kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa msibani, mbele ya ndugu. Jiandae nayo kabla haijaja.

Karibuni, tuchangie.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, umeandika vizuri, ila kuna kitu umekipitia juu juu. Chakula. Watu wanakimbia, wanaimba, wanatoka jasho, wakimaliza wanakaa kibandani: chipsi mayai na soda baridi.

Tuweke hesabu mezani. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia kama kalori 400. Akitembea umbali huohuo ni chini zaidi. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndiyo bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja umeshapita. Na mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Nenda kaangalie yule wa chipsi anavyomimina.

Simwambii mtu aache ugali. Ugali haujawahi kuwa na kosa, kosa ni mlima wake na mchuzi unaoelea mafuta. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia. Robo ugali au wali. Robo maharage, samaki, dagaa au mayai. Hizi protini ndizo zinazokufanya usitafute maandazi saa 4. Kwa mama lishe pia inawezekana, mwambie wali nusu, maharage ongeza, bei ileile. Huwa hakatai.

Nyota ya Mtoni

Kaka Kisiki, nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa. Kupunguza uzito, chakula kina nguvu kuliko mbio. Lakini kuutunza uzito ulioushusha, hapo mazoezi yanarudi mbele. Marekani wana daftari la utafiti tangu 1994, National Weight Control Registry, lililoanzishwa na Rena Wing na James Hill. Wanawafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Karibu 9 kati ya 10 wanafanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi linaloongoza ni kutembea. Kutembea tu, wakuu. Wengi wanapima uzito angalau mara moja kwa wiki, na wengi wanakunywa chai ya asubuhi na kitafunwa kila siku, hawashindi njaa hadi saa 8.

Kwa hiyo mwenye kuona haya kwamba hawezi kukimbia, atembee bila wasiwasi wowote.

Ua la Mkarafuu

Habari zenu jamani. Mimi naomba kuuliza bila kuchekwa. Kuna chai nauziwa na rafiki yangu kazini, pakiti moja ni ya wiki mbili, na kweli tumbo linapungua. Nikiacha linarudi. Pia kuna mkanda wa tumbo wa kuvaa ukiwa unafanya mazoezi, ukiuvua unakuta jasho limejaa. Hivi vitu vinasaidia au napoteza hela?

Nesi wa Zamu

Dada Ua, hakuna wa kukucheka, swali lako ndilo tunalokutana nalo kliniki kila wiki.

Angalia orodha ya viungo kwenye pakiti. Chai nyingi za aina hiyo zina senna, ile ambayo watu wa pwani wanaiita sanamaki na bibi zetu waliitumia kwa aliyefunga choo. Ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinapofika huko mwili umeshachukua karibu nishati yake yote kwenye utumbo mwembamba. Unachotoa ni kinyesi na maji. Ndiyo maana tumbo linakuwa bapa na ukiacha linarudi. Ukiitumia kwa muda mrefu unapoteza pia madini ya potasiamu, na hayo yakishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Utumbo nao unaweza kuzoea mpaka ushindwe kufanya kazi bila kusukumwa. Acha, tafadhali.

Mkanda nao unatoa jasho, na jasho ni maji. Ukinywa glasi mbili limerudi. Hakuna zoezi wala mkanda unaochagua mafuta ya tumbo peke yake; mwili unapunguza mafuta pote kwa mpangilio wake, na tumbo kwa wengi wetu linachelewa. Hela ya mkanda nunua viatu.

Na kwa wote: wenye kisukari mnaochoma insulini au kumeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, msianze mazoezi makali wala kupunguza chakula bila kumwambia daktari wenu. Sukari inaweza kushuka ghafla. Tembeeni na pipi au sukari mfukoni, na mwenzenu kikundini ajue. Mwenye maumivu ya kifua akipanda kilima asimame, aende hospitali kwanza. Mengine tutayaongea baadaye.

Ua la Mkarafuu

Asante sana dada Nesi. Nimeangalia pakiti, kweli imeandikwa senna. Naitupa leo.

Pwani Yetu

Assalaam aleikum ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Nimeupenda uzi huu kwa kuwa umesema kuhusu maneno ya watu. Kwetu sisi wanawake wa mji wa kale mambo ni hayohayo, na juu yake kuna suala la kuonekana njiani. Mwanamke mtu mzima anatembea mbiombio na buibui lake, vijana wanamtazama, wazee wanauliza anakwenda wapi.

Tulichofanya sisi ni kuwa wengi. Mmoja akipita peke yake anasemwa, kumi wakipita hakuna wa kusema. Tunakutana baada ya swala ya alfajiri, tunakwenda Mama Ngina pale karibu na bahari, tunazunguka, tunarudi kabla jua halijawa kali. Viatu vya raba ndani, buibui juu, ndani nguo nyepesi ya pamba. Mmoja wetu ni ajuza wa miaka sabini na kitu, na ndiye anayewapigia wenziwe simu kuwaamsha.

Ramadhani ndiyo mtihani. Watu wanafikiri mtu akifunga atapungua, lakini wengi wetu huongezeka. Angalieni sinia la futari: kaimati zimelowa sukari, viazi vya nazi, sambusa, tambi, sharubati. Mimi sikatazi kitu, ni mwezi wetu na furaha yetu. Ila naanza na tende na maji, naswali magharibi, ndipo narudi kula, na njaa ile ya kwanza inakuwa imetulia. Kutembea tunakuhamishia nusu saa kabla ya adhana au baada ya tarawehe, polepole. Lengo la mwezi huo nililojiwekea ni kutoongezeka tu. Mwezi ukiisha hatuna cha kuanza upya, tunaendelea.

Jabali la Kusini

Wakuu, mimi kwa kweli nina uzito mkubwa, kilo 118, na goti la kulia linauma nikishuka ngazi. Nikisoma habari za mchakamchaka na fulana za kufanana naona huko si kwangu. Naogopa kwenda na kuwa yule ambaye wote wanamsubiri. Nikae nyumbani nipungue kwanza ndipo nijiunge?

Nyota ya Mtoni

Kaka Jabali, usisubiri. Nakuandikia kwa moyo wote. Hicho unachokiogopa, kuwa wa mwisho, kwetu ndiyo nafasi yenye watu wengi kuliko zote. Njoo uangalie safu ya nyuma. Kuna akina mama wanaotembea na khanga kiunoni, kuna baba aliyetoka kwenye kiharusi anayekwenda na fimbo, na wote wanamaliza njia. Wa mbele wanaongeza mzunguko mmoja uwanjani wakiwasubiri, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kama kundi bado ni zito kwako, anza na mtu mmoja. Mtu mmoja anayekungoja nje ya geti anatosha kabisa.

Nesi wa Zamu

Kuhusu goti, kaka, kuna habari njema. Utafiti wa Stephen Messier na wenzake huko Marekani, 2005, uliwaangalia wazee wanene wenye magoti yaliyosagika. Kila kilo moja iliyopungua ilipunguza mzigo wa kama kilo 4 kwenye goti kwa kila hatua. Wewe ukipungua kilo 6 tu, goti lako linatua mzigo wa kilo 24 hatua kwa hatua, siku nzima. Hutahitaji mizani ikuambie, goti lenyewe litakuambia.

Tembea sehemu tambarare, kwenye udongo kuliko lami, epuka miteremko kwa sasa. Imarisha misuli ya paja: kaa kwenye kiti cha kulia chakula, simama bila kushika, kaa taratibu. Mara kumi, pumzika, rudia. Na ukishapungua asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wako, kwako ni kilo 6 hadi 8, faida kubwa inaanza kuonekana kwenye presha na sukari. Kule Marekani utafiti uliotolewa 2002 uliwafuata watu 3,234 waliokuwa kwenye hatari ya kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, kidonge cha kisukari, asilimia 31. Huhitaji kufika kilo 70 ndipo uanze kupona.

Kijana wa Karume

Nimesikia viatu vimetajwa, acha nichangie maana ndiyo kazi yangu, nauza mtumba pale Karume, Ilala. Msinunue kiatu kwa jina lake. Shika kisigino na ncha, kikunje: kinatakiwa kujikunja pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati kama kitabu kimeshachoka. Kibonyeze kisigino kwa kidole gumba, kikiwa kigumu kama kipande cha ubao, ile sponji imekufa na goti ndilo litakalolipa. Angalieni soli kama imelika upande mmoja, huyo aliyekivaa mwanzo alikuwa na mwendo wake na wewe una wako. Na mnunue jioni, mguu ukiwa umeshavimba na kazi za siku, uache nafasi ya upana wa kidole mbele.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu wa Karume, hii ndiyo elimu tunayoitaka. Umenipa mzuka, Jumamosi nakuja huko.

Mchana Mwema

Swali langu kwa wazoefu. Nilianza vizuri, nikapungua kilo 7 kwa miezi minne, na sasa ni mwezi wa pili mizani iko palepale. Sijabadilisha chochote. Morali imeshuka kabisa. Mwili umezoea au?

Nyota ya Mtoni

Dada Mchana, hapo ndipo wengi wanapoachia, na nilikuwa nalisubiri swali hili.

Kwanza, kutobadilisha chochote ndiyo sababu yenyewe. Mwili wa kilo 7 pungufu unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa mwanzo, na unatumia nguvu kidogo kutembea njia ileile. Sahani iliyokuwa inakupunguza sasa inatosha tu kukuweka ulipo. Pili, mwili unapopungua unabana matumizi yake hata zaidi ya upungufu wa kilo zenyewe. Kevin Hall na wenzake walitoa utafiti 2016 kuhusu watu 14 walioshindana kupungua kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser. Walipungua makilo mengi kwa muda mfupi. Miaka 6 baadaye wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kama kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Nikiusoma utafiti ule nazidi kuupenda mwendo wetu wa polepole.

Nikushauri nini? Mwezi mmoja usitafute kupungua. Tafuta kubaki hapo ulipo, na ubaki ukijua kwamba kubaki ni kazi. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: pushapu za kushika ukuta, kuchuchumaa na kusimama, kubeba ndoo mbili za maji ukizunguka uani. Misuli inalindwa hivyo, kwa sababu mtu anayepungua kwa njaa tupu anapoteza misuli pamoja na mafuta. Kisha kagua vile vidogo vinavyorudi kimyakimya, sukari ya chai, karanga za ofisini, mabaki ya wali wa mtoto. Toa kimoja. Na upime kiuno kwa tepu kabla hujasema hakuna kilichobadilika.

Mchana Mwema

Mabaki ya wali wa mtoto! Umenigusa penyewe. Nimepima kiuno, sentimita 3 chini tangu nilipopima mara ya mwisho, na mimi nilikuwa nalia na mizani. Ubarikiwe mkuu.

Msafiri wa Mvua

Mimi naleta hoja ya msimu. Dar kuanzia Machi hadi Mei masika inafunga barabara, ukikosa wiki mbili unajiona umeanguka na unaacha. Nikasoma utafiti wa Phillippa Lally wa University College London, uliochapishwa 2010. Walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya ya kila siku. Katikati ya kundi, kitu kilichukua siku 66 mpaka kikawa cha kujiendea chenyewe, lakini kulikuwa na waliochukua siku 18 na waliokadiriwa kuhitaji 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Tangu nisome hilo siogopi tena kukosa siku.

Siku za mvua nina kamba ya kuruka barazani na redio. Muda ni uleule, saa 12 asubuhi. Nikishindwa kabisa nafanya dakika 5 tu ili ile saa isipotee. Na wenye saa za kuhesabu hatua, msiteswe na hatua 10,000. Namba hiyo ilitokana na tangazo la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani 1965. Utafiti wa I-Min Lee wa 2019, uliowahusu wanawake wazee wa Marekani, ulionyesha kuwa waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako ni mwanzo mzuri kabisa.

Nyota ya Mtoni

Msafiri, asante, hiyo ya dakika 5 naipeleka kikundini.

Niongeze kitu kuhusu tarehe. Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa, ikapangwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Kigali nao tangu mwaka huohuo wanafunga barabara kwa magari Jumapili kadhaa ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Serikali ikitenga siku ni jambo jema, lakini jitengee na ya kwako. Sisi tarehe yetu kubwa ni Kilimanjaro Marathon pale Moshi, kila mwaka mwishoni mwa Februari au mapema Machi. Kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha ambazo unaweza kutembea. Tunachanga kidogo kidogo mwaka mzima kwa ajili ya basi. Oktoba ikifika, mtu aliyetaka kuacha anakumbuka nauli yake iko kwa mweka hazina, na anakumbuka kwamba kuna mahali tunakwenda.

Jabali la Kusini

Wakuu, nimesoma yote mpaka mwisho. Nimeamua. Shemeji yangu amekubali kutembea na mimi. Nipeni mpango wa mwezi wa kwanza, rahisi, wa mtu wa kilo 118.

Nyota ya Mtoni

Hongera sana kaka, na mshukuru shemeji.

Wiki ya kwanza, dakika 10 kwa siku, siku 5, mwendo wa kuongea. Mkimaliza msiongeze hata kama mnajisikia vizuri. Wiki ya pili dakika 15, na zoezi la kiti alilokupa Nesi, siku 2. Wiki ya tatu dakika 20. Ya nne 25, na siku moja kati ya hizo mpite njia yenye kilima kidogo kama goti limetulia. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, kwa hiyo mwezi wa pili utakuwa unaikaribia 150 bila kujiumiza.

Kwenye chakula mwezi huu badilisha kimoja tu: soda na juisi zote ziwe maji. Ugali usiuguse bado. Pima uzito, kiuno na presha kabla hujaanza, andika nyuma ya daftari, halafu usipande mizani mpaka wiki mbili zipite. Goti likiuma zaidi kesho yake kuliko jana, punguza dakika, usisimame kabisa.

Wiki ya nne ikiisha rudi hapahapa utuambie goti linasemaje. Na kama uko upande wa Temeke au Mbagala nitumie ujumbe nikuelekeze kona tunayokutania. Mlete na shemeji.